Mpishi wa Petta Aliyechoka Kuonwa Mkono

Saa kumi na mbili na ushei asubuhi, Dorah Aboth anatwanga njugu utadhani zimemkosea. Mchi unapanda, mchi unashuka, na kila ukishuka anatupa jicho ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli yenye kuta za kijani.

"Ile pale," anasema kabla hajaulizwa. "Ile hoteli inauza mchuzi yangu."

Mbele ya baraza anapopikia, foleni ya trela inaamka. Madereva wanateremka na taulo shingoni, wanapiga mswaki kando ya magurudumu. Wengi wametoka Kampala au wanarudi huko, na hapa Busia, upande wa Kenya, wanangoja karatasi zao zigongwe mihuri. Anayengoja hula. Na dereva wa Uganda aliyekaa njiani siku nyingi hataki chipsi. Anataka chakula cha kwao: ugali wa wimbi, ndizi za kupondwa, na mchuzi mzito wa njugu wenye samaki wa moshi.

Dorah ana miaka thelathini na mitatu na watoto wawili. Ni mzaliwa wa Petta, wilaya ya Tororo. Alikuwa mpishi mjini Tororo kwa miaka minane, mpaka jengo la mgahawa likauzwa na mwenye kulinunua akataka duka la vyuma. Akatafuta kazi nyingine pale mjini, akakosa. Mwaka jana akawaacha watoto kwa mama yake, akavuka mpaka kwa miguu, na mkoba mmoja, na mwiko wake wa mti.

"Mimi niliambia mama, 'Mvua ikianza, nakuja kuchukua watoto,'" anasimulia. "Mvua ilianza. Mvua ikaisha. Mimi bado naonyesha watu mkono."

Kuonyesha mkono. Msomaji ambaye hajatafuta kazi ya jikoni kwenye mji huu huenda haelewi, basi tumweleze. Unaingia hotelini, unasema unajua kupika. Mwenye hoteli anakupima kwa macho, anauliza umetoka wapi. Ukisema ng'ambo, anatabasamu. "Sawa, hebu tukuone mkono kwanza," anasema. Unavua viatu vya safari, unafunga kanga kiunoni, unapika. Kesho unapika tena. Keshokutwa pia. Mkono unaonwa, chakula kinauzwa, pesa zinaingia kwenye droo. Siku unayoanza kudhani umeajiriwa, unaambiwa mkono wako ni mzuri lakini nafasi imejaa.

Dorah ameonwa mkono katika hoteli tatu.

Ya kwanza ilikuwa karibu na stendi. Alipika huko siku nne, akaambiwa dada ya mwenye hoteli amerudi kutoka Kisumu na kazi ni yake. Ya pili ilimweka wiki nzima akiosha masufuria na kukaanga mandazi, na chakula chake kilikuwa makoko ya ugali. Wakati huo alikuwa amepanga chumba mtaani Burumba pamoja na wanawake wengine watatu, kwa shilingi mia saba kila mmoja kwa mwezi, na hizo mia saba alizipata kwa kufua nguo za watu jioni.

"Nafua nguo ya watu jioni ili mchana niende kufanya kazi ya bure," anasema. "Sasa hiyo ni akili gani? Wewe niambie."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Busia ilimpa Dorah jembe siku ya kwanza, na hizo siku mbili za kukaribishwa hakuziona kabisa.

Hoteli ya tatu ndiyo hiyo ya kijani. Mwenyewe anaitwa Okiror, mtu wa makamo, mcheshi, anayejulikana na madereva wote. Hoteli yake ilikuwa ikiuza wali, maharage na nyama, kama hoteli nyingine zote za barabara hii. Dorah alipomwambia kuwa anajua mchuzi wa njugu wa Tororo, Okiror akapiga makofi.

"Hicho ndicho kitu natafuta!" akasema. "Ingia jikoni, dada. Tukuone mkono."

Dorah akaingia. Alipika pale wiki mbili na zaidi. Madereva walinusa, wakaja. Walioketi kwenye mabenchi walikula, na waliokosa mabenchi walikula wamesimama. Mpishi wa hoteli alikuwa akisimama pembeni mwake kutwa nzima, mikono nyuma, akiangalia njugu zinavyokaangwa, zinavyotwangwa, na jinsi sufuria inavyoachwa wazi ili mchuzi usifure ukamwagika. Dorah hakumficha kitu. Alimpa hata mchi ajaribu.

Kisha asubuhi moja akafika, akakuta sufuria iko motoni tayari. Nje ubao umeandikwa kwa chaki: Mchuzi wa Njugu wa Tororo, Karibuni. Okiror akamlaki mlangoni, hakumpisha.

"Aliniambia, 'Madam, asante sana, tutakupigia simu,'" Dorah anasema, na hapo mchi unatua kwa kishindo. "Atapiga simu wapi? Hakuwa na namba yangu! Hajawahi kuniuliza hata namba!"

Tusizungushe maneno. Huo ni wizi. Ukimwibia mtu kuku, wananchi watakufukuza mtaa mzima, lakini ukimwibia jasho la wiki mbili, unaitwa mfanyabiashara mwerevu.

Okiror haoni alipokosea. Mwandishi wa makala haya alimkuta kwenye kaunta yake, akamuuliza.

"Kwani nilimfunga kamba?" akajibu. "Mlango ulikuwa wazi. Siku zote hizo hakuniuliza malipo hata mara moja. Huku Kenya mtu huuliza. Na hawa Waganda wanakuja wengi, bwana, ukiandika kila mmoja utafunga hoteli."

Maneno hayo yalipomfikia Dorah, alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Kwanza, mimi si Muganda. Muganda ni kabila ya huko Kampala. Mimi ni Mjapadhola wa Tororo. Hapa ukitoka ng'ambo tu, wewe ni Muganda, basi." Akafuta jasho kwa kiganja. "Ya pili, ni kweli. Sikuuliza."

Kwa nini hakuuliza? Mtu mzima, mpishi wa miaka minane?

Anaweka mchi chini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, sauti yake inashuka.

"Kwetu Petta watu wanalimiana. Leo sisi wote kwako, kesho sisi wote kwangu. Wewe ukifika na jembe, ukaanza kuuliza, 'Utanilipa ngapi,' hiyo ni matusi. Unaambia mwenye shamba hana heshima. Wewe unalima kwanza. Mwenye shamba anajua mwenyewe iko na zamu yako. Tororo pia bosi wangu alikuwa mtu wa kwetu, sikuuliza, alinilipa. Sasa mimi nilifikiri na huyu anajua. Nilimheshimu. Nilimheshimu bure!"

Aliyemwokoa ni mwanamke aitwaye Amuge, mjane anayeuza viatu vya mitumba katika duka lililo mkabala na hoteli ya Okiror. Siku Dorah alipofukuzwa, alivuka barabara akaketi kwenye ngazi ya duka hilo, mwiko mapajani.

"Nilidhani analia," Amuge anakumbuka. "Kumbe wapi! Alikuwa na hasira hadi meno yanagongana. Nikamuuliza, mwanangu, unajua kufanya nini? Akasema kupika. Nikamwambia, baraza hili hapa, pika. Kodi utalipa ukiuza."

Madereva waligundua tofauti mapema. Wa kwanza alivuka barabara na sahani ya Okiror mkononi, akailinganisha na ya Dorah, akaiacha ile ya kwanza kwa mbwa. Sasa siku nzuri Dorah huuza sahani thelathini hivi, kwa shilingi mia na hamsini kila moja. Akitoa njugu, samaki, makaa na kodi ya baraza, hubaki na kama mia nane. Si nyingi, lakini amehama kile chumba cha watu wanne, ana chake. Kwa mara ya kwanza alianza kusema na watoto kwa simu habari za shule ya huku.

Hapo ndipo Okiror alipokuja kwa Amuge kuomba baraza. Anataka kuchomea nyama hapo, akasema, na atalipa kodi maradufu.

Amuge hakukataa papo hapo. Viatu vya mitumba haviuziki kama zamani, na yeye pia ana watu wanaomtegemea. Alimwambia Okiror angoje. Dorah alisikia, akapiga hesabu. Baraza likienda, meza imekwenda, chumba kimekwenda, na watoto wanabaki Petta. Tena lichukuliwe na yule yule!

Okiror aliporudi kutaka jibu, kulikuwa na madereva wanakula. Wote walisikia.

"Nilimuuliza, 'Okiror, wewe ni Mteso kama mimi. Nyumbani, mtu akikulimia unafanya nini?'" Amuge anasimulia. "Akasema, 'Unamlimia.' Nikamwambia, 'Umejijibu. Huyu dada amekulimia asubuhi zote zile. Nenda pale, ushike mchi, umtwangie njugu asubuhi nyingi kama zile alizokupikia. Ukimaliza zamu yake, njoo tuongee habari ya baraza.' Mimi pesa yake naitaka, sitaki kudanganya. Lakini mla cha mwenziwe na chake huliwa."

Okiror alitoa noti mfukoni, akamnyooshea Dorah yaishe. Dorah hakuipokea. Shamba hulipwa kwa jembe, akamwambia. Siku hiyo hiyo akaenda sokoni, akanunua mchi wa pili, akausimamisha ukutani.

Ulipita muda. Madereva wakaanza utani. Okiror akitoka nje kumwaga maji, mmoja anapaza sauti kutoka kwenye trela: "Mzee, mchi unakusubiri!" Akirudi ndani, mwingine anadakia.

Jumapili moja kabla ya jua kuchomoza, Okiror akaja. Alikuwa amevaa koti zito na kofia ya sufu iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Barabara haikuwa na mtu.

"Aliniambia, 'Haya, nipe hiyo kitu, tumalize haya mambo,'" Dorah anasema. "Nikamwambia hapana. Mimi nililima shamba yako mchana, watu wote wanaona. Wewe pia utalima mchana."

Okiror aligeuka akaenda zake. Mpaka makala haya yanaandikwa hajarudi, na baraza lingali la Dorah. Amuge anasema neno lake halibadiliki: mchi kwanza.

Dorah naye hangoji huruma ya mtu. Anataka meza ya pili kabla shule hazijafunguliwa. Anataka msaidizi wa kutwanga, ili yeye abaki na moto. Kisha ataenda Petta kuwachukua watoto, na safari hii, anasema, mvua inyeshe isinyeshe.

Tukiwa katikati ya mazungumzo, mwanamke kijana anasimama kando ya jiko na mfuko wa plastiki mkononi. Jina lake Jovia, ametoka Masafu, ng'ambo kule. Anapiga goti kidogo.

"Mama, habari ya asubuhi. Nasikia unatafuta mtu. Mimi naweza kufanya hata bure kwanza, uone mkono."

Mchi unasimama hewani.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Jovia anaonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara. Hoteli ya kijani. Alikuwa pale tangu wiki iliyopita, anasema, akiosha vyombo na kumenya ndizi. Jana aliambiwa watampigia simu.

Dorah anauweka mchi kinuni. Kisha anavuta kibao, anamimina chai, anampa.

"Kaa. Kunywa." Anangoja kikombe kifike nusu. "Sasa niulize nitakulipa ngapi."

Jovia anainamisha uso, anatabasamu kwa aibu. "Si vizuri, mama."

"Uliza."

"Utanilipa ngapi?" Ni mnong'ono tu.

"Mimi sikusikia. Na yule pale hajasikia. Simama!"

Jovia anasimama. Anageukia barabara, anavuta pumzi. "Utanilipa ngapi?"

Madereva wanageuka, vijiko mikononi. Ng'ambo, Okiror aliyekuwa akifuta ubao wake anabaki na kitambaa mkononi. Dorah anamjibu Jovia kwa sauti ile ile: shilingi mia tatu kila jioni, na chakula, kuanzia leo. Mmoja wa madereva anapiga mluzi.

Jovia anaweka mfuko wake chini, anafunga kanga kiunoni, anatazama kinu. Anaufuata mchi ulioegemea ukutani.

"Hapana," Dorah anasema, na kumkabidhi ule aliokuwa ameushika yeye. "Shika hii yangu. Ile ya ukutani usiguse. Ile iko na mwenyewe."