Sura ya Nne Haitaki Kupita

Mke wangu alifariki akiwa ameishia sura ya nne. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Temeke, akisoma digrii ya ualimu kwa njia ya mtandao, na kitabu chake kilikuwa ndani ya kishikwambi. Baada ya arobaini nikakiwasha. Kikafunguka palepale alipoachia: kwa nini mtoto husahau alichofundishwa. Nikakizima haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

Kesho yake kikafungukia sura ya tano.

Mimi ni mtu wa chuo kikuu. Nimewahi kuandika makala ndefu ya kuwacheka wanaoamini mizimu. Siku hiyo nilipiga hodi chumbani kwangu mwenyewe, kisha nikarudisha kitabu sura ya nne, nikakaa nacho mapajani hadi adhana ya magharibi. Siku iliyofuata kilikuwa kimesogea tena. Nikakirudisha. Ikawa ndiyo kazi yangu: yeye anakwenda, mimi namrudisha. Sikumwambia mtu. Kusema kweli, nilianza kuwahi nyumbani.

Jumamosi moja wakaja walimu watatu, wanawake waliokuwa wakisoma naye. Walibanana kwenye sofa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

"Shemeji, sie tuna ishu," alisema mkubwa wao. "Kile kitabu tulichanga wanne, tukakiweka kwenye akaunti ya marehemu. Paswedi moja, kila mtu na simu yake; anapoishia mmoja ndipo kinapomfungukia mwenzake."

"Sasa hakitaki kwenda mbele," akadakia mdogo wao. "Tunafika sura ya tano, kesho tukifungua kipo ya nne. Pale alipoishia yeye!"

"Na huyu kagoma kusoma," mkubwa akasema, akimwonyesha wa tatu. "Mtihani umefika, anasema marehemu hajaridhia."

"Mie nilikuwaga namtangulia njiani," wa tatu akasema, "ananiita, 'Nisubiri bwana.' Sasa si ndo huyo, anataka nimsubiri?"

Nikatazama chini. Mzimu wao ulikuwa umevaa msuli, na ulikuwa umesahau kununua sukari ya chai ya wageni.

"Ni mimi," nikasema. "Nakirudisha kila jioni. Nilidhani ni yeye anayesoma."

Mdogo akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa mtandio. "Mchawi tumempata!" Mkubwa hakucheka. Aliuliza taratibu, "Sasa tukienda mbele, shemeji, wewe utabaki na nini?"

Nikachukua kishikwambi, nikarudisha kitabu sura ya nne mara ya mwisho, nikakata intaneti yake. Wa tatu akafungua simu yake, akasogeza: ya tano, ya sita. Akachungulia mapajani kwangu. Changu hakikusogea. Akashusha pumzi, akaanza kusoma palepale kwenye sofa.

Tangu hapo, kila nikikiwasha kinaniomba nikiunganishe na mtandao. Nabonyeza "Baadaye". Kisha nasoma ukurasa uleule, na kumwambia kwa sauti ya chini wenzake wamefika wapi.