Balbu Mpya Zimemwingiza Baba Mkwe Mtaroni

Leo nimemwangusha baba mkwe bila hata kumgusa.

Asubuhi nilifunga balbu mpya kwenye pikapu yangu, maana zile za zamani zilikuwaga kama koroboi. Nilizifunga mwenyewe. Fundi wa nini?

Jioni nikatoka Bunda kurudi Musoma, giza likaingia. Kila gari ninalopishana nalo linaniwashia taa. Nikajua wamezikubali! Nikawa nawajibu kwa taa fulu.

Karibu na njia ya Butiama, baiskeli iliyokuwa inakuja ikayumba, ikatumbukia mtaroni.

Nikaruka chini. Mzee kalowa tope, kaziba macho.

"Wewe dereva, unawinda watu?"

Sauti naijua. Baba mkwe!

"Shikamoo baba. Ni mimi."

"Mimi nani? Sioni kitu!"

Namshukuru Mungu hakuumia. Kumbe balbu nilizifunga juu chini, mwanga wote unaenda machoni mwa watu.

Nikampeleka kwake kwa taa ndogo, yeye akimulika barabara kwa tochi dirishani.

Mama mkwe akatoka. "Jamani, taa za gari mbovu?"

"Taa ni nzima," mzee akajibu. "Mbovu ni huyu mkwe wetu."

Mnaomjua fundi mzuri pale Kamunyonge, Musoma, nielekezeni. Kucheka ruksa.