Maji Yameenda Ulipoyaambia

Wiki iliyopita niliitwa kutazama somo shuleni kwa mjukuu wangu, huku kwetu Uru, nikapiga kelele darasani kama mtoto. Sijuti. Ungekuwepo, hata wewe ungepiga.

Nilikwenda shingo upande. Mjukuu alikuwa amenieleza, "Bibi, tunajifunza kodingi, kuipangia kompyuta kazi, kwa michezo," nikamjibu kwamba mchezo ni wa jioni, asubuhi ni ya hesabu. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na leo magari yangu yanashusha ndizi sokoni Himo, huko chini tambarare, kwa hiyo nikisema jambo kuhusu kazi nasikilizwa. Basi nikaketi nyuma, kwenye kidawati kilichonibana mapaja.

Mwalimu, binti mdogo tu, alikuwa amechora njia yenye kona kona kwa chaki sakafuni, hadi mlangoni. Mtoto mmoja kavaa boksi kichwani, eti ndiye roboti. Wenzake wakabandika ukutani kadi za mishale: mbele, mbele, kulia, mbele. Wakishamaliza, mikono nyuma, kimya. Roboti akafuata kadi, akageuka mapema, puu! Kabatini. Darasa zima likacheka. Mjukuu wangu akaruka kwenda kumvuta mkono.

"Usimguse!" mwalimu akasema. "Hajakosea. Amefanya mlichomwambia. Rekebisheni kadi."

Maneno hayo nilishayasikia nikiwa na umri wa huyo mjukuu, nyuma ya jiko la babu yangu.

Siku zile maji yalishuka kutoka mlimani kwa mfongo, mtaro waliouchimba wazee wa kale, ukipita kihamba hadi kihamba, yaani shamba la kila nyumba. Kila nyumba na zamu yake. Ikikupita, unangoja hadi ikurudie, na jua la kiangazi halikungojei. Kabla babu hajamkabidhi mtoto jembe la maji, alimchezesha kwanza. Alichimba vijifereji udongoni, akaweka vipande vya mgomba viwe milango, akashika kibuyu cha maji. "Sema," aliniambia. "Unafunga wapi, unafungua wapi, na kipi kinaanza?" Nikasema. Akapanga vile vile, akaniweka mikono nyuma, akamimina.

Mara ya kwanza maji yaliingia jikoni moja kwa moja, yakazima moto chini ya chungu cha kiburu. Bibi yangu akatoka na mwiko. "Mzee, leo tutakula huo mchezo wenu?" Mimi nimeshainama kuyazuia kwa viganja.

"Usiguse," babu akasema. "Maji yameenda ulipoyaambia. Badilisha maneno."

Utamu ulioje! Ndizi na maharage tulikula mbichimbichi siku ile, lakini nilikuwa nimenaswa. Nilicheza mpaka nikawa naota vijifereji.

Kisha ikafika asubuhi ya zamu yetu, mguu wa babu umevimba, hawezi hata kusimama. Mwisho kabisa wa kihamba kulikuwa na miche ya kahawa aliyoipanda mwaka ule, majani yameshajikunja. Ikikosa maji siku hiyo, imekufa. Jirani akaja na jembe begani, anacheka. Enzi hizo msichana hakusogezwa kwenye mfongo.

"Mzee, zamu nipe mimi. Huyu binti atayapeleka maji hadi Himo!"

"Yakienda Himo yatapita kwako kwanza," babu akajibu kutoka kigodani. "Utanishukuru." Akanipa jembe.

Nikapanda juu, mfongo unapoingilia kihambani. Mwili wote unataka kukimbia kufungua mdomo mkubwa wa mfongo, maji yaje, yaje tu! Nikaweka mikono nyuma. Nikasema kwa sauti: nafunga njia ya migomba, nafunga ya magimbi, nafungua ya kahawa, mdomo mkubwa wa mwisho. Ndipo nikashika jembe, nikaziba kwa vipande vya mgomba na tope, nikafungua.

Yakaja! Ya kahawia, yamebeba majani makavu, yananguruma. Nikakimbia nayo sambamba napiga kelele, yakapita migomba, yakapita magimbi, yakafika kwenye shina la mche wa kwanza, na udongo ukatoa ile harufu yake. Miche ilipona. Jirani akashusha jembe begani. "Haya, mzee. Zamu yangu ikifika, nitamwazima."

Babu na bibi wamelala pale pale kihambani. Mfongo umeota nyasi; maji sasa ni ya bomba, unazungusha koki na hakuna anayefikiri. Ule mngurumo sijausikia miaka na miaka, na nilidhani mchezo wa babu nao umezikwa.

Pale darasani watoto walihamisha kadi moja. Roboti akaenda, akaenda, akageuka panapotakiwa, akatoka mlangoni. Nilipiga kelele kuwashinda wote.

Mjukuu akaja mbio. "Bibi, mbona na wewe umeweka mikono nyuma?"

Nikajitazama. Kweli. Nikamwambia tukifika nyumbani alete jagi la maji, tukutane nyuma ya jiko.