Mwenye Mahindi Hashiki Mpini

Enzi zetu kule Kwamsisi, msimu wa mahindi haukuishia shambani. Uliishia uani, mbele ya mashine ya kupukuchulia ambayo kijiji cha ujamaa kilipewa tulipohamishiwa kando ya barabara. Ilikuwa ya chuma, rangi ya kijani, ina gurudumu zito na mpini wa mti. Mmoja anaitilia hindi mdomoni, mwingine anazungusha. Punje zinamiminika kwenye jamvi, gunzi linarukia pembeni. Kabla ya hapo mama zetu walipukuchua kwa vidole gumba mpaka vikachubuka, kwa hiyo siku lori lilipoishusha waliipigia vigelegele kama bibi harusi.

Mashine ilizunguka nyumba kwa nyumba, na ilikuwa na sheria moja: mwenye mahindi hashiki mpini. Siku ya zamu yenu, nyinyi mnapika. Majirani ndio wanaozungusha. Na aliyezungusha habebi hata punje. Anakula chakula cha nyumba hiyo, anakwenda zake. Mama akimwona mtu anataka kuikiuka, alisema, "Anayejipukuchulia mwenyewe atajizika mwenyewe."

Sisi watoto tulitoka chuoni kwa maalimu tukifuata mlio wa mashine, krrr, krrr, mpaka tuijue nyumba ya siku hiyo. Tuligombea magunzi. Wasichana tuliyavika vitambaa yakawa watoto wetu, wavulana waliyatengeneza magari. Vumbi lilituwasha shingoni, na jikoni ilitoka harufu ya mlenda na bada, ule ugali wa muhogo. Hata waliogombania mpaka wa shamba walikutana pale, huyu analisha, yule anazungusha. Huwezi kumnunia mtu ambaye vidole vyake viko karibu na meno ya gurudumu unalozungusha wewe.

Kijiji kilipoacha kulima pamoja, zamu ilikuwa ya kwetu, na hakuna aliyekuja kuichukua mashine. Baba alituusia, "Hii ni amana ya watu. Amana hairithiwi." Namshukuru Mungu kwa kunipa umri wa kuitunza, kila mavuno naipaka mafuta.

Sasa mwaka huu mjukuu wangu Mhina, anayekaa Chanika, kanijia na kijana mnunuzi wa vyuma chakavu, na guta la kubebea.

"Shikamoo bibi. Nimekuletea mteja."

"Marahaba. Mteja wa nini?"

"Wa hilo dude. Linakula nafasi bure, bibi. Siku hizi injini inakufuata mpaka mlangoni, gunia linakwisha chapu."

"Umeuliza ni la nani?"

"Si lako?"

"Kama si langu mimi niliyelitunza, litakuwaje lako wewe unayeliita dude?"

Nimesomeshwa kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja na wanaosubiri, na nimesubiri mengi. Lakini siku ile damu ilinichemka. Nikamwambia hauzi kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi. Nikasogeza kapu la mahindi. Mhina, kwa haraka yake, akaudaka mpini. Nikamchapa mkono.

"Mahindi haya ni ya kwenu. Kaite jirani."

Akatoa simu! Akaiangalia, akanitazama. "Bibi, namba zao sina."

"Miguu unayo."

Akaenda, akarudi peke yake. Jirani wa kushoto kasema yuko kwenye mpira. Wa kulia kauliza atalipwa kiasi gani. Atalipwa! Mtu ambaye mama yake alikula ugali uani mwangu, mikono imejaa makapi!

Yule mnunuzi, kijana wa Korogwe ambaye babu yake alikuja kukata mkonge, alikuwa ameegemea guta lake anacheka. "Bibi," akasema, "mimi si mwenye mahindi." Akakunja mikono ya shati, akashika mpini. Mimi nikalisha. Krrr, krrr. Kapu likaisha, jasho likimtiririka. Nikamwandalia bada na mlenda. Akanawa, akafanya ishara ya msalaba, akala mpaka akalamba vidole.

"Mwanangu," akamwambia Mhina, ingawa umri wao ni mmoja, "hii mimi siibebi. Tafuta mwingine."

Siikatai injini. Inamaliza gunia kabla chai haijapoa, kisha kila mtu anainywa chai yake peke yake. Enzi zetu mpini ule uligombewa. Leo mtu pekee aliyeushika ni yule aliyekuja kuununua. Mungu ambariki. Nimebaki na hao majirani zangu, na siku ya kunibeba ikifika, nisije nikawaacha watu uani wanaulizana wanalipwa kiasi gani kushika jeneza.