Mpini Uliobaki

Kanuni ile niliipenda kuliko zote. Kwenye mchezo wetu wa kusimulia, wa mashujaa, majitu na milango iliyofungwa kwa uchawi, mimi ndiye msimulizi. Naeleza mashujaa wamefika wapi, wachezaji wanasema wanafanya nini, na dadu mbili za ludo zinaamua. Zikidondoka moja na moja, silaha iliyo mkononi inavunjika. Imekwisha, huna kitu.

Tunacheza watu watatu, Jumapili mchana, kwenye mgahawa wetu hapa Mikumi, malori yakishapungua: mimi, mume wangu, na wifi yangu, yaani dada yake mume. Mume ndiye aliyeupata mchezo kwenye simu, tukaukatakata mpaka ukatukaa. Hiyo ya silaha kuvunjika niliing'ang'ania mimi. Bila hiyo mtu akishapata upanga mzuri anafyeka kila kitu bila kutumia akili. Silaha ikiweza kuvunjika, anafikiri kabla ya kupiga. Shida ni kwamba wengine wanafikiri kupita kiasi. Mume wangu ana mkuki wa moto ambao hajawahi kuutumia. Anapigana na majitu kwa fimbo, mkuki kaufunga mgongoni kwa kamba, kama mama zetu na vile vyombo vya kabatini vinavyomsubiri mgeni ambaye hajazaliwa.

Wifi si mtu wa kabati. Shujaa wake alihangaika kutafuta chuma, akamtafuta mhunzi, akautengeneza upanga wake mwenyewe, na tangu hapo akautumia kwa kila kitu. Jumapili moja alifika kwenye lango la ngome, jitu mbele yake, shujaa wa mume wangu kajeruhiwa, amelala chini nyuma yake. Akarusha dadu. Moja na moja.

Nikasema ninachosema siku zote, na nilikisema kwa raha. "Upanga umevunjika. Huna kitu. Zamu yako imeisha." Jitu likashusha rungu, shujaa wa wifi akafa.

Nilitegemea anitukane kwa utani, maana mawifi ndivyo tulivyo.  Badala yake aliziweka dadu kwenye kikombe, akajifunga khanga vizuri, akaondoka. 

"Umemuua dada yangu," mume wangu akasema.

"Dadu ndizo zilizomuua."

"Dadu hazina mdomo."

Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata tena. Mchezo wenyewe ningeweza kuuacha. Ila huyu ndiye mtu pekee ninayecheka naye mpaka machozi katika ukoo nilioolewa, na sasa alinisalimia njiani kama anavyomsalimia mjumbe wa mtaa. Niliogopa. Niliona nampoteza hivi hivi, kwa ajili ya upanga usiokuwepo.

Tulikutana kijijini Kisanga, kwenye palizi ya mama mkwe. Palizi haina kununiana, lazima uende. Tulimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba akiwa kitandani, homa imemlaza. Kwa kawaida yeye ndiye anayeyaloweka majembe tangu jioni, ili mti wa mpini uvimbe na kukishika chuma. Safari hii hakuna aliyekumbuka. Tukaingia shambani na majembe makavu, kila mmoja na mstari wake, tukalima bila maneno.

Nilikuwa nimeliweka jembe chini ili nifunge khanga upya niliposikia mahindi yakivunjika. Nguruwe pori akatokea, kichwa chini, akanijia mimi. Wifi akainua jembe lake juu. Likachomoka kwenye mpini, likaruka nyuma yake, likapotelea kwenye mahindi.

Nililiona likiruka.  Na aibu yangu ni hii: kichwani nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, huna kitu.

Wifi hakugeuka kuangalia chuma kimekwenda wapi. Alishusha mpini kwenye pua ya yule mnyama, akaurudisha juu, akaushusha tena, akipiga kelele ambazo sijawahi kumsikia nazo. Nguruwe akageuza njia, akapita pembeni yangu karibu kabisa, akatokomea kuelekea bondeni. Kisha wifi akakaa chini juu ya tuta.

Nami nikakaa.  Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Hapa nisingekuwa na kitu, eti?"

Nililia. Sijui kama ni hofu au aibu iliyotangulia. Akaniacha nilie, kisha akasema taratibu, "Wifi, mimi sikununa kwa sababu upanga ulivunjika. Vitu vinavunjika. Hukuniuliza nafanya nini. Ulinikatiza nikiwa bado nimesimama."

 Nilikuwa nimeisimamia kanuni ile kama hakimu, na kumbe muda wote sikuwahi kujiuliza mtu aliyevunjikiwa anabaki na nini. Tulilitafuta jembe kwenye mahindi pamoja. Yeye ndiye aliyelipata.

Jumapili alikuja. Alikaa mahali pake, hakusema kama amesamehe, nami sikuuliza. Tukakubaliana kurudi langoni, pale pale kabla jitu halijashusha rungu, dadu tukazilaza tena mezani, moja na moja.

"Jitu liko mbele yako," nikasema. "Upanga umevunjika. Umebaki na nini mkononi?"

Alikunja ngumi juu ya meza, kama aliyeshika kitu.

"Mpini," akasema. "Na bado nimesimama. Nalipiga nao."

Nikamsogezea dadu. Kabla hajazigusa, mume wangu alikohoa, akasema shujaa wake, hapo alipolala chini, anaanza kufungua kamba za mkuki.