Shikamoo ya Kulazimishwa

Nilimwonea wivu mwalimu wa binti yangu. Leo nasema waziwazi, kwa sababu wakati ule niliupa majina mengine: mara wasiwasi wa mama, mara uchovu wa msimu wa kahawa. Ulikuwa wivu, tena ule wa kumkondesha mtu.

Binti yangu alikuwa na miaka minane, na ana usonji. Kabla hatujalijua neno hilo, hapa kwetu Ihembe wengine walisema amedekezwa, wengine wakasema amerogwa, na mimi niliwajibu wote kwa ukali, kila mmoja na dozi yake. Maneno yake ni machache, huyatoa akitaka. Hapendi kushikwa. Nikimwogesha analia kama namchuna ngozi, nikimkumbatia anajikaza mwili mzima mpaka nimwachie. Nilijifunza kumpenda bila kumgusa, na nilijiambia kwamba ndivyo alivyo: hakuna anayemruhusu amguse, kwa hiyo hakuna aliyenizidi. Hilo ndilo lililokuwa likinituliza.

Kisha akaanza shule huko Kanoni, akampata yule mwalimu.

Alikuwa msichana mdogo tu, binti wa wenye duka la vitambaa mjini, watu ambao babu yao alitoka pwani. Alikataa kabisa mwanangu kuwekwa peke yake nyuma ya darasa. Alimkalisha katikati ya wenzake, akawafundisha wale watoto wasimpigie kelele masikioni wala kumgusa kwa kumshtukiza. Kelele zikimzidi, mwalimu alimpa ungo wa maharage yaliyochanganyika, wakakaa mlangoni wakichambua, mekundu huku, ya njano kule, wenzake wakiendelea kuandika. Akitulia, anarudi kwenye hesabu.

Yote hayo niliyasikia nikashukuru. Kilichoniua ni salamu. Asubuhi moja nimemshusha kwenye bodaboda langoni, nikamwona anamfuata mwalimu kwa hiari yake, bila kuitwa. Akanyoosha mkono, akagusisha mgongo wa kiganja chake kwenye mgongo wa kiganja cha mwalimu. Wakabaki hivyo kidogo. Halafu akaingia darasani bila kugeuka.

"Shikamoo, mama," mwalimu akaniambia huku anatabasamu.

"Marahaba," nikajibu.

Miaka minane nimefua, nimelisha, nimegombana na ukoo mzima, na mkono unakwenda kwa mtu aliyemjua tangu mwezi wa kwanza! Nilijaribu nyumbani. Nilimnyooshea mgongo wa kiganja changu asubuhi, nikamnyooshea wakati wa kula. Aliutazama kama kitu nilichosahau kukirudisha mahali pake, akaendelea na mambo yake. Msimu wa senene ulipofika nikamkaangia sahani nzima, ndugu zake wakaambulia kunusa. Alikula senene wote. Mkono hakunipa.

Basi nikaanza kumchimba mwalimu. Hajazaa, nikasema, anajua nini? Anamharibu mtoto kwa kumdekeza. Baba wa mtoto akaniuliza ameharibika wapi, maana anahesabu mpaka mia na usiku analala. Nilinuna siku mbili nzima.

Jibu nililipata Mabira, tulipokwenda kumwona mama mkwe. Kwetu mtoto wa kike humsalimia mkubwa akiwa amepiga magoti, na hainuki mpaka aitikiwe. Binti yangu alimpita bibi yake kama anapita mgomba. Mama mkwe akanigeukia mimi, si yeye.

"Huko shuleni wanamfundisha nini, kama hata salamu haijui?"

Siku nyingine ningemjibu, heshima ikae pembeni. Siku hiyo niliipokea ile lawama kama zawadi. Tuliporudi nikampigia mwalimu simu, nikamwambia huu ni msimu wa kahawa, mtoto atanisaidia kuanika. Ulikuwa uongo mtupu. Mwalimu akasema, "Sawa, mama. Msalimie."

Sikumsalimia. Nilichukua ungo wa maharage aliokuwa akichambua nyumbani, nikaufungia sandukuni, nikaanza masomo yangu. Piga magoti. Sema shikamoo. Tulia hapo hapo. Ukiitikiwa marahaba, inuka, upewe ungo. Siku ya kwanza alipiga kichwa ukutani mpaka nikaweka godoro. Siku ya tatu hakula. Baba yake akasema niache, nikamwambia yeye ndiye hajali mtoto atadharauliwa. Wiki ya pili akaanza kupiga magoti. Akili anayo, hilo sijawahi kulitilia shaka. Aliishika ile kanuni yote, hatua kwa hatua, kama anavyoshika kila kitu.

Mwalimu alikuja Jumamosi mchana. Bodaboda ilimwacha barabarani, akapita kwenye migomba kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na kwapani madaftari ya hesabu ya binti yangu. Nilimkaribisha ndani. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye nyasi tulizotandika sakafuni. Alipomwona alisimama, na nikauona mkono wake unaanza kunyanyuka.

Nikamuwahi.

"Msalimie mwalimu," nikasema, kwa sauti ile ya masomo yetu.

Mkono ukashuka. Akapiga magoti, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo," kwa sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa salamu safi kabisa. Mama mkwe angepiga vigelegele.

Nilimtazama mwalimu nione kama ameumia. Alikuwa ameumia. Aliyakumbatia yale madaftari kifuani. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ya muda mfupi sana, lakini nilifurahi, na siwezi kuliandika jambo hili nikaiacha.

Halafu nikamwangalia mtoto. Alikuwa bado yuko chini. Hakuna aliyemwitikia, kwa hiyo hainuki. Vidole vilikuwa vinakatakata nyasi.

"Inuka, mwanangu. Imetosha."

Hakuinuka.

"Marahaba," nikasema mimi. Nikarudia. Hakuinuka, kwa sababu hakunisalimia mimi. Nikamshika bega nimwinue, akapiga yowe, akarudi magotini vilevile, kichwa chini, anangoja.

Mwalimu alinieleza baadaye kwamba aliogopa kuitikia. Aliona akishaitikia, ndiyo imekuwa salamu yao, basi. Pale alinigeukia mimi, macho yamejaa, akaniuliza polepole, "Mama, nifanye nini?"

Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kumwambia aondoke, ni nyumba yangu. Lakini mwanangu alikuwa anaumia mbele ya miguu yangu, na katika nyumba ile yote ni mtu mmoja tu aliyeweza kumwinua, na hakuwa mimi. Kulisema hilo kulikuwa kama kumeza mfupa.

"Mwitikie, mwalimu," nikasema. "Anakusubiri wewe. Hanisubiri mimi."

Mwalimu akaweka madaftari chini, akapiga magoti mbele yake, nyuso zao zikawa sawa.

"Marahaba, mwanangu."

Binti yangu akainuka. Lile neno "mwanangu" lilinichoma. Nilimwomba mwalimu msamaha nikiwa nimesimama na mikono yangu haina pa kukaa, na Jumatatu nikampeleka mtoto shule mwenyewe.

Anasoma vizuri. Wenzake walimpokea kama vile hakuondoka, kiti chake hakuna aliyekikalia. Lakini ule mkono hajampa tena mwalimu, wala mtu mwingine yeyote. Mwalimu alijaribu kuunyoosha wake wiki nzima, akaacha asije akawa anamlazimisha kama mimi. Sasa kila asubuhi binti yangu anapiga magoti kwenye vumbi la langoni, na mwalimu anapiga magoti naye ili asiwe chini peke yake, anamwitikia, wanainuka pamoja. Mimi humwambia dereva wa bodaboda ageuze upesi. Kitu kilichokuwa chao wawili nilikichukua kwa mikono yangu, na kwangu hakikuja.