Jina la Spana kwenye Miradi Yote

Kazi yangu ni kupokea simu, maana yake matusi yote yanayostahili kwenda kwa lifti huishia masikioni mwangu. Kampuni yetu hufunga lifti kwenye majengo na kuzitengeneza zikigoma. Mafundi wako chini karakana, sisi wa makaratasi tuko juu, na lifti ya jengo letu wenyewe ni mbovu tangu nilipoajiriwa. Meza inayotazamana na yangu ni ya Mama Mfumo, na habari hii ni yake.

Jina hilo tulimpa sisi. Yeye ndiye aliyetuletea mfumo wa kompyuta wa kusimamia miradi, na kwa muda mrefu ndiye pekee aliyeuelewa. Kila jengo tunalohudumia ni mradi, lina ukurasa wake, na katika kila ukurasa kuna visanduku vya kujaza: aina ya lifti, tatizo, fundi. Zamani kila ukurasa ulikuwa na visanduku vyake, na kila mtu alijaza alivyoamka. Fundi mmoja aliandikwa kwa jina la kitambulisho kwenye hosteli, kwa jina la utani kwenye benki, na kwenye nyumba za kupanga mtu akaandika "yule mrefu". Meneja akitaka kujua nani ana kazi nyingi, ripoti inamwambia tuna mafundi arobaini. Tulikuwa nao tisa.

Mama Mfumo aliingilia kati. Alitengeneza kisanduku kimoja cha Fundi, chenye orodha moja ya majina, akakiunganisha na miradi yote. Ukiongeza jina humo, linaonekana kwenye kila jengo. Ukilibadilisha, limebadilika kote. Ukilifuta, limefutika kote, hata kwenye kazi zilizokwisha zamani. Alituita kikaoni akatueleza hayo mpaka tukayaota, kisha akajipa ruhusa peke yake ya kukigusa, maana alikuwa anatujua. Mumewe alikuwa mmoja wa mafundi, na siku hiyo alikaa nyuma akicheka. "Huyu hata vijiko nyumbani kaviunganisha," alisema. "Ukihamisha kimoja, kelele unazisikia chumba cha pili."

Huyo mumewe ndiye "yule mrefu". Sisi tulimwita Spana. Alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kirefu, na tuliokuwa tunamfahamu tulimpenda, mimi nikiwemo, ingawa viatu vyake vilinichafulia sakafu kila siku aliyopanda kumletea mkewe chakula.

Spana alifariki nyumbani asubuhi moja akijiandaa kuja kazini. Moyo, walisema madaktari. Alianguka kati ya bafu na kitanda, shati amelivaa mkono mmoja. Tulimzika, na Mama Mfumo akarudi ofisini upesi mno. Tulimwambia apumzike, akasema nyumbani hana la kufanya. Hakulia makaburini na hakulia ofisini. Ukimsalimia anajibu. Ukimletea chai anakunywa, na ukisahau sukari anakunywa vilevile. Siku moja nilimuuliza, kwa ulimi wangu huu usio na breki, kama yuko sawa.

"Nina ganzi," akasema. "Kama mguu ulioukalia. Unauona upo, lakini si wako."

Simu ya kazi ya Spana alikuwa nayo kwenye mkoba, na alikuwa anaichaji. Jina la marehemu lilikuwa bado limo kwenye kile kisanduku, na kwenye majengo kadhaa yeye ndiye fundi wa kwanza kuitwa. Kwa hiyo lifti ikikwama, mfumo ulimpelekea kazi, na mkoba wa Mama Mfumo ukatetemeka chini ya meza. Sote tulisikia, tukainamia kompyuta zetu. Mwenye ruhusa ya kulitoa jina alikuwa mmoja tu, na nani angemwendea mjane amwambie mfute mumeo? Tukajizoesha. Kazi isipopokelewa kwa muda fulani, mfumo huihamishia kwa msimamizi wa karakana, naye humtuma fundi mwingine kwa mdomo. Lifti zilichelewa kidogo, mimi nikatukanwa zaidi kidogo, maisha yakaendelea. Tulimwacha marehemu kwenye orodha ya kazi kwa sababu sote tulikuwa waoga, na huo uoga tukauita heshima.

Halafu lifti ya zahanati ikasimama katikati ya ghorofa, na ndani yake kulikuwa na mama mjamzito aliyekuwa anapanda kwenda kupimwa. Mlinzi wa zahanati alinipigia. Nikamwambia fundi anakuja, kama ninavyomwambia kila mtu. Akapiga tena, nikamwambia yuko njiani. Alipopiga mara ya tatu hakuwa na matusi tena, alikuwa ananibembeleza, na hapo ndipo nilipoogopa. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtu anagonga chuma. Nikafungua ukurasa wa zahanati. Kwenye kazi ile paliandikwa: Imepokelewa. Fundi: Spana.

Nikainua macho. Mama Mfumo alikuwa anamenya chungwa, na simu ya mumewe iko mezani kando ya maganda.

"Wewe ndiye umeipokea hii ya zahanati?" nikamuuliza.

"Ililia sana," alisema. "Hapendi ilie mara mbili. Nikaipokea."

"Ukiipokea haimfikii msimamizi. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha?"

Alinitazama mimi, akaitazama simu. "Ndiyo," akasema. "Ni kweli."

Nilishuka ngazi mbio mpaka karakana, na umbo langu si la kushuka ngazi mbio. Yule mama alitolewa jioni, amelowa jasho, miguu imemvimba, yeye mzima na mtoto tumboni mzima. Kesho yake mume wake alikuja ofisini kutaka kujua ni fundi gani aliyesema anakuja asije. Alitaka jina. Meneja alimtazama Mama Mfumo, akatazama dari, akasema kosa ni la kampuni.

Mgeni alipoondoka, meneja alivuta kiti akaketi karibu na Mama Mfumo. Si mtu mbaya, ana haraka tu. "Mama," alisema, "naona aibu kukuambia, lakini jina litoke."

"Sawa."

"Kama kuna mwenzio anayeweza kukubonyezea, mimi sina neno."

"Hawajui," alisema. "Wataharibu."

Nilingoja meneja afunge mlango wake. "Na zile kazi alizozimaliza?" nikauliza.

"Zitabaki tupu. Kisanduku ni kimoja, mwenzangu. Jina likitoka, limetoka kote."

"Kote kabisa?"

"Kila lifti aliyoifunga itakuwa haina fundi." Alilisema hilo kwa sauti ileile anayoagizia wino wa printa.

Hapo nilishikwa na hasira, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Lifti ninayopanda kumwendea mama yangu mzazi aliifunga Spana. Siku alipoimaliza alimpandisha mama na kumshusha, kumpandisha na kumshusha, mpaka mama akasema basi mwanangu, nimeamini. Leo mtu akifungua ukurasa wa jengo lile akute lifti imejifunga yenyewe?

"Kitenganishe basi," nikamwambia. "Majengo yaliyokwisha yape kisanduku chao, jina libaki humo. Yanayoendelea, mtoe."

"Ripoti itavunjika."

"Ivunjike."

"Nilihangaika sana kukiunganisha."

"Najua. Tulikuwepo, ulitutesa."

Hakucheka. Alisogeza kiti kwenye kompyuta akaanza. Alifungua jengo moja moja lililokwisha, akalitengenezea kisanduku chake, akaandika fundi wa kila kazi kwa mkono, kisha akalikata kutoka kwenye ile orodha ya pamoja. Kazi aliyoijenga kwa jasho aliibomoa kwa utaratibu uleule, hakuruka hata mstari. Mara nyingine alisema kitu, bila kunigeukia. "Hapa ndipo alipobanwa kidole." Akafungua jengo jingine. "Hapa walikuwa na uzinduzi, akaniletea keki kwenye mfuko wa ovaroli." Akaandika, akakata. "Hii, tulikuwa hatuongei." Sikumuuliza kwa nini walikuwa hawaongei. Nilipokea simu zangu kwa sauti ya chini, na wateja, kwa kushangaa, wakanijibu kwa sauti ya chini.

Kesho yake alikuwa bado anaendelea. Meneja alipita, akasimama nyuma yake, akauliza sasa atajuaje kila fundi amefanya kazi ngapi tangu mwanzo. Nikamwambia ana vidole, ahesabu. Alinitazama akaona uso wangu, akaenda zake.

Mchana majengo yote ya zamani yalikuwa yamekwisha kukatwa. Yalibaki yale yanayoendelea, zahanati ikiwa mojawapo. Mama Mfumo alifungua kisanduku cha pamoja, akaliwekea alama jina la Spana, na mfumo ukauliza: Una uhakika unataka kumfuta Spana kwenye miradi yote? Nilisogea nisimame karibu naye, maana nilidhani atasita. Hakusita. Alibonyeza Ndiyo, akanyoosha shingo, akaniuliza kama chai imebaki.

Mkoba ukatetemeka.

Alitoa simu, akaisoma kwa sauti, taratibu, kama anavyotusomea matangazo ya kikao. "Umeondolewa kwenye miradi yote. Kwa maelezo zaidi, wasiliana na msimamizi wa mfumo."

Msimamizi wa mfumo ni yeye.

"Atakasirika," alisema. "Basi, nitamweleza jioni nikifika nyumbani."

Aliirudisha simu mkobani, akafunga zipu. Mkono haukutoka juu ya zipu. Nilimwona anayasikia maneno yake mwenyewe, moja moja, yamechelewa.

"Nitamweleza nani?" akaniuliza.

Halikuwa swali la kusema tu, alitaka nimjibu. Simu yangu ya mezani ilikuwa inaita, lifti ya wapi sijui, nikaiacha iite. Nilizunguka meza nikamshika, na Mama Mfumo akalia kwa sauti mpaka mafundi wakapanda ngazi kuja kutazama.